MADA YA 7: TOFAUTI KATI YA KASI NA USTAHIMILIVU KATIKA MBIO

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii, uweze:

(a) kueleza maana ya kasi na maana ya ustahimilivu bila kuzichanganya;
(b) kueleza mwili unapata wapi nishati katika mbio fupi na katika mbio ndefu;
(c) kukokotoa mwendokasi wa mkimbiaji na kutafsiri jibu lako;
(d) kupanga mazoezi yanayofaa kwa kila aina ya mbio;
(e) kujibu maswali ya mtihani kwa hoja zenye sababu.

7.1 Utangulizi

Chukua mwanafunzi aliyeshinda mita 100 katika mashindano ya madarasa. Wenzake wanasema, "Huyu ana mbio!" Wiki inayofuata anapangwa kukimbia mita 3,000, yaani mizunguko saba na nusu ya uwanja wa mita 400. Mzunguko wa kwanza anaongoza. Wa tatu anapitwa. Wa tano anatembea ameshika kiuno. Wenzake wanauliza: zile mbio zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote, bado anazo. Tatizo ni kwamba neno "mbio" katika mazungumzo ya kila siku limebeba vitu viwili. Ukimwambia mtu "ana mbio", umetaja wepesi wake. Ukimwambia "ana pumzi", umetaja kudumu kwake. Uwanjani watu hutofautisha vizuri kabisa, lakini wakishika kalamu wengi huandika jibu moja kwa maswali mawili na kupoteza alama walizokuwa nazo mkononi.

Shika wazo hili moja, kwa kuwa mada yote inasimama juu yake: kasi ni kiwango cha juu unachoweza kufikia, ustahimilivu ni sehemu ya kiwango hicho unayoweza kuidumisha, na kwa muda gani.

7.2 Maana ya istilahi

Kasi ni uwezo wa kusogeza mwili kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa muda mfupi iwezekanavyo. Hupimwa kwa umbali mfupi kama mita 30, 60 au 100.

Ustahimilivu ni uwezo wa mwili kuendelea kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuzidiwa na uchovu. Kwa mkimbiaji, hutegemea zaidi moyo, mapafu, damu na misuli kufanya kazi pamoja.

Mbio fupi ni mita 100, 200 na 400. Mbio za kati ni mita 800 na 1,500. Mbio ndefu ni mita 3,000, 5,000, 10,000, nusu marathon na marathon ya kilomita 42.195.

Zingatia: Mbio za kati zinadai kasi na ustahimilivu kwa pamoja. Usiziweke upande mmoja tu.

7.3 Mwili unapata wapi nishati?

Misuli hutumia kemikali iitwayo ATP. Akiba ya ATP ndani ya msuli ni ndogo sana. Ukikimbia kwa nguvu zote hutosha kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo mwili hulazimika kutengeneza ATP nyingine muda wote unapokimbia. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza: fosfokreatini. Hii ni akiba iliyomo ndani ya msuli wenyewe. Hutengeneza ATP upesi kuliko njia nyingine zote wala haihitaji oksijeni, lakini hupungua sana ndani ya sekunde 10 hivi. Ndiyo njia kuu ya mita 100.

Njia ya pili: kuvunja glikojeni bila oksijeni. Glikojeni ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Ukivunjwa bila oksijeni hutoa nishati haraka, na pamoja nayo hujitokeza asidi ya laktiki. Misuli huanza kuwaka moto na miguu kuwa mizito. Njia hii hubeba mzigo mkubwa katika mbio za takriban sekunde 30 hadi dakika 2.

Njia ya tatu: kuunguza wanga na mafuta kwa kutumia oksijeni. Hii ni ya polepole, lakini hudumu kwa muda mrefu. Oksijeni huingia mapafuni, hubebwa na hemoglobini ya damu, husukumwa na moyo hadi kwenye misuli. Mbio za dakika kadhaa na kuendelea hutegemea zaidi njia hii, na marathon huitegemea karibu yote.

Njia hizi hazifuatani kama madarasa, kwamba moja ifungwe ndipo nyingine ifunguliwe. Zote huanza kazi pamoja. Kinachobadilika ni ipi imebeba mzigo mkubwa. Mtahiniwa anayeandika "katika mita 100 mwili hautumii oksijeni kabisa" amekosea. Sahihi ni "mwili hutegemea zaidi njia zisizohitaji oksijeni".

Sasa unaweza kueleza kilichompata yule mwanafunzi wa mita 3,000. Alianza kwa mwendo wa mita 100. Fosfokreatini ikapungua mapema, njia ya pili ikabeba mzigo kuliko ilivyopaswa, na moyo na mapafu yake, ambayo hayakuzoezwa kazi ndefu, hayakuweza kuleta oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana alitembea.

7.4 Misuli na moyo

Misuli ina nyuzi za aina mbili kuu.

| Kipengele | Nyuzi zinazojikaza haraka | Nyuzi zinazojikaza taratibu |
|---|---|---|
| Nguvu | Kubwa | Ndogo |
| Kuchoka | Huchoka upesi | Huchelewa kuchoka |
| Mishipa midogo ya damu | Michache | Mingi |
| Hufaa | Mbio fupi, kuruka, kurusha | Mbio ndefu, kutembea |

Kila mtu anazo aina zote mbili. Uwiano wake kwa sehemu ni wa kurithi, lakini mazoezi huboresha utendaji wa kila aina. Kwa hiyo usiandike "mtu huzaliwa mkimbiaji, hawezi kubadilika".

Mazoezi ya kasi hukuza nguvu ya misuli na wepesi wa neva kuiamuru. Mazoezi ya ustahimilivu huufanya moyo usukume damu nyingi zaidi kwa kila pigo, huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli, na hupunguza mapigo ya moyo mtu anapopumzika.

7.5 Ushahidi wa namba

Tazama mwendokasi wa wastani wa wakimbiaji wanne mashuhuri.

| Mbio | Mkimbiaji | Mahali na mwaka | Muda | Mita kwa sekunde |
|---|---|---|---|---|
| Mita 100 | Usain Bolt | Berlin, 2009 | 9.58 | 10.44 |
| Mita 800 | David Rudisha | London, 2012 | 1:40.91 | 7.93 |
| Mita 1,500 | Filbert Bayi | Christchurch, 1974 | 3:32.2 | 7.07 |
| Marathon | Kelvin Kiptum | Chicago, 2023 | 2:00:35 | 5.83 |

Kila mmoja wao aliweka rekodi ya dunia siku hiyo. Hata hivyo, umbali unavyoongezeka, mwendokasi unashuka. Mwendo wa Kiptum ni kama asilimia 56 ya mwendo wa Bolt. Je, Kiptum alikuwa mzembe? Hasha! Mwendo wake ni sawa na kukimbia kila mita 100 kwa sekunde 17 na ushee, mara zaidi ya 420 mfululizo. Jaribu mara moja uwanjani kwenu, kisha ujiulize kama unaweza kurudia mara ya pili bila kupumzika.

Kasi ya juu haidumu hata ndani ya mita 100. Siku ile ya Berlin, Bolt alipita kati ya mita 60 na 80 kwa sekunde 1.61, na mita 20 za mwisho kwa sekunde 1.66. Alikuwa ameanza kupungua. Rudisha naye alikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na wa pili kwa sekunde 51.63.

Mfano wa mwisho ni wa Mtanzania Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, katika Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, alishinda marathon kwa saa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Waliachana kwa sekunde 0.03. Kwa mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde, hiyo ni sentimita 18, pungufu ya urefu wa kalamu mbili. Ustahimilivu ulimfikisha Simbu mwisho wa safari akiwa bado kwenye ushindani. Kasi ndiyo iliyompa dhahabu. Mfano huu unakupa hoja nzuri: kasi na ustahimilivu ni vitu tofauti, lakini si maadui.

7.6 Jinsi ya kupima

Kupima kasi: Pima mita 100 kwa tepu mahali tambarare. Mkimbiaji apashe mwili joto, kisha akimbie kwa nguvu zote. Andika muda.

Kupima ustahimilivu: Tumia jaribio la dakika 12 la Kenneth Cooper, daktari wa Marekani aliyelitangaza mwaka 1968. Mkimbiaji hukimbia dakika 12. Unachopima ni umbali aliofika. Anaruhusiwa kutembea akichoka, lakini saa haisimami.

Mfano. Mwanafunzi A alikimbia mita 100 kwa sekunde 12.5, na kwa dakika 12 alifika mita 2,160. Mwanafunzi B alikimbia mita 100 kwa sekunde 16, na kwa dakika 12 alifika mita 2,700. Nani ana kasi zaidi? Nani ana ustahimilivu zaidi?

Njia: Mwendokasi = umbali ÷ muda. Dakika 12 = sekunde 720.

Mwanafunzi A: 100 ÷ 12.5 = 8 m/s; 2,160 ÷ 720 = 3 m/s.
Mwanafunzi B: 100 ÷ 16 = 6.25 m/s; 2,700 ÷ 720 = 3.75 m/s.

Sehemu ya kasi iliyodumishwa:
A: 3 ÷ 8 × 100 = asilimia 37.5.
B: 3.75 ÷ 6.25 × 100 = asilimia 60.

Tafsiri: A ana kasi zaidi, B ana ustahimilivu zaidi. A afae kwenye mita 100 na kupokezana vijiti 4 × 100. B afae kwenye mita 3,000. Mwalimu akiteua timu ya UMISSETA kwa kutazama mita 100 peke yake, B atabaki jukwaani akishangilia, na shule itakuwa imemwacha mkimbiaji wake bora wa mbio ndefu.

Angalizo: Usiishie kwenye namba. Swali likisema "tafsiri", hesabu bila sentensi ya maelezo ni jibu nusu.

7.7 Mazoezi yanayofaa

(a) Mazoezi ya kasi. Kimbia umbali mfupi kwa nguvu zote, mfano mita 40 mara 5. Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya mbio na mbio. Wengi huona mapumziko haya ni uvivu. Sivyo. Fosfokreatini huhitaji dakika kadhaa kurudi karibu na kiwango chake. Ukianza tena kabla haijarudi, utakimbia taratibu, na hutakuwa tena unazoeza kasi.

(b) Mazoezi ya ustahimilivu. Kimbia mwendo wa wastani kwa dakika 20 hadi 40 bila kusimama. Kipimo rahisi ni mazungumzo: kama unaweza kusema sentensi nzima na mwenzako, mwendo unafaa, kama unatoa neno mojamoja, umezidisha. Ongeza muda kidogokidogo wiki kwa wiki.

(c) Mazoezi mchanganyiko. Fatileki, zoezi lenye asili ya Sweden, ni kukimbia mfululizo huku ukibadilisha mwendo: haraka hadi mti ule, taratibu hadi kona, haraka tena. Hufaa mbio za kati na mtu anayekimbia kwa afya tu.

Ratiba ya mtahiniwa. Mwaka wa mtihani hukuweka kwenye kiti saa nyingi. Siku tatu zinatosha: Jumatatu mazoezi ya kasi, Jumatano mbio za taratibu za dakika 30, Jumamosi fatileki ya dakika 20. Siku zilizobaki ni za mwili kupumzika.

Hatari. Mbio za kasi huumiza zaidi msuli wa nyuma ya paja, hasa kwa asiyepasha mwili joto. Mbio ndefu huumiza goti na muundi, hasa kwa anayeongeza umbali ghafla. Maeneo ya joto kama Dar es Salaam au Tanga, kimbia alfajiri au jioni na unywe maji. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na utafute msaada. Hakuna medali inayostahili kuhatarisha maisha yako.

7.8 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kutaja bila kueleza. "Mbio fupi hutumia kasi, mbio ndefu hutumia ustahimilivu" ni kurudia swali. Ongeza sababu: chanzo cha nishati, aina ya nyuzi, kazi ya moyo.
2. Kutoa tofauti ya upande mmoja. Ukiulizwa tofauti, kila hoja itaje pande zote mbili na uunganishe kwa "ilhali" au "wakati".
3. Kusema maumivu ya kesho yake husababishwa na asidi ya laktiki. Asidi hiyo huondoka muda mfupi baada ya mazoezi. Maumivu ya siku inayofuata hutokana na michubuko midogo ndani ya misuli.
4. Kuchanganya vipimo. Geuza dakika kuwa sekunde kabla ya kugawanya.

7.9 Maswali na majibu ya mfano

Swali la 1. Eleza tofauti tatu kati ya kasi na ustahimilivu. (Alama 6)

Jibu:
(i) Kasi hudumu kwa sekunde chache, ilhali ustahimilivu hudumu kwa dakika nyingi au saa.
(ii) Kasi hutegemea zaidi nishati isiyohitaji oksijeni, ilhali ustahimilivu hutegemea zaidi nishati inayopatikana kwa kutumia oksijeni.
(iii) Kasi hutumia zaidi nyuzi za misuli zinazojikaza haraka, ilhali ustahimilivu hutumia zaidi zinazojikaza taratibu.

Swali la 2. Kwa nini mkimbiaji wa mbio fupi hupumzika dakika kadhaa kati ya marudio ya mazoezi? (Alama 3)

Jibu: Mbio fupi hutegemea fosfokreatini, ambayo hupungua sana ndani ya sekunde 10 hivi. Akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kurudi. Asipopumzika, mwendo hushuka na zoezi halikuzi kasi tena.

Swali la 3. Mwanafunzi alimaliza mita 1,500 kwa dakika 5. Kokotoa mwendokasi wake. (Alama 3)

Jibu: Dakika 5 = sekunde 300. Mwendokasi = 1,500 ÷ 300 = 5 m/s. Mwendokasi wake wa wastani ni mita 5 kwa sekunde.

Swali la 4. "Mkimbiaji wa mbio ndefu hahitaji kasi." Jadili kauli hii. (Alama 8)

Mwongozo wa jibu: Anza kwa kukubali sehemu yenye ukweli: mbio ndefu hutegemea zaidi moyo, mapafu na matumizi ya oksijeni. Kisha ipinge kauli: kasi humsaidia mkimbiaji kupita wenzake, kujibu mashambulizi, na kumaliza kwa nguvu. Toa mfano wa Simbu, Tokyo 2025, na sekunde 0.03. Eleza pia kwamba mwenye kasi ya juu zaidi huona mwendo wa wastani kuwa mwepesi, kwa kuwa uko mbali na kikomo chake. Hitimisha kwa msimamo: kauli si sahihi, anahitaji ustahimilivu kama msingi na kasi kama silaha ya mwisho.

7.10 Jipime mwenyewe

Funga kitabu, ujibu kwa maandishi:

1. Taja njia tatu za mwili kupata nishati na mbio inayotegemea kila njia zaidi.
2. Mwanafunzi C alikimbia mita 100 kwa sekunde 14 na dakika 12 akafika mita 2,520. Kokotoa sehemu ya kasi aliyoidumisha. (Ukipata asilimia 49, umepatia.)
3. Mpangie mwanafunzi C mbio moja inayomfaa na utoe sababu mbili.
4. Mdogo wako anataka kukimbia kilomita 5 kwa mara ya kwanza na anasema ataanza kwa nguvu zote "ili awaache mapema". Mwandikie ushauri wa mistari mitano, kwa kutumia ulichosoma katika kipengele cha 7.3.

Swali la nne litakuonyesha kama umeelewa au umekariri. Ukiweza kumweleza mdogo wako akakuelewa, mtahini naye atakuelewa.